Leseni Kabla ya Sare: Rekodi ya Udereva na Ajira ya Polisi

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi vijana mliokuja na bahasha za vyeti mikononi,

Waandaaji wameniomba nizungumzie sifa za kujiunga na polisi, nao wamenipa orodha ndefu: umri, elimu, afya, kimo, mwenendo. Nawaomba radhi, kwa kuwa nitashika jambo moja tu, ambalo nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti na ambalo bado naona vijana wanalipuuza, nalo ni rekodi ya udereva. Tangazo la nafasi za kazi hulitaja kwa mstari mmoja, kwamba mwombaji awe na leseni hai ya udereva. Kijana akiusoma mstari huo anapapasa mfuko, anaikuta leseni, anaridhika, anaendelea na mstari unaofuata. Hajui kwamba mpekuzi, yaani mtu anayechunguza mwenendo wa waombaji, atakayeshika faili lake hana haja na kile kipande cha kadi, bali anataka kujua mwenye kadi ameendeshaje miaka yote aliyokuwa nayo.

Watu wakifikiria hatari iliyo mikononi mwa askari hufikiria bunduki. Lakini wako askari wengi wanaostaafu bila kumfyatulia mtu hata risasi moja, ilhali gari hukabidhiwa kila zamu. Askari wa doria huliendesha usiku na mchana, mkono mmoja ukijibu redio, jicho likisoma namba ya gari lililo mbele, king'ora kikilia juu ya kichwa chake, naye anatakiwa afike kabla mtu hajauawa na bila yeye mwenyewe kuua mtu njiani. Marekani, kwa miaka mingi, ajali za magari zimekuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya askari wakiwa kazini. Sheria za nchi nyingi humruhusu askari kuvuka kiwango cha mwendo wakati wa dharura, lakini hazimruhusu kuacha uangalifu. Uingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2022, askari aliyekuwa akikimbilia tukio alipimwa mahakamani kwa kipimo kilekile cha raia dereva mwangalifu. Siku hizi hulinganishwa na askari mwangalifu aliyepata mafunzo kama yake. Hata hivyo hajaachwa bila kipimo. Basi mwajiri anaposhika rekodi yako, swali lake la kwanza ni jepesi kabisa: nikimpa huyu ufunguo usiku wa leo, kesho asubuhi nitakuwa najibu nini, na kwa nani?

Iko kesi moja ninayoieleza kila mara, na leo pia nitaieleza kwa urefu. Ni kesi ya Kaunti ya Bryan, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 1997. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti hiyo, alimwajiri mtoto wa mpwa wake kuwa askari wa akiba. Kijana huyo alikuwa amekiri makosa kadhaa ya barabarani, pamoja na makosa mengine madogo ya jinai yakiwamo shambulio, kukataa kukamatwa na ulevi hadharani. Karatasi zote zilikuwapo. Sherifu mwenyewe alieleza mahakamani kwamba aliipata rekodi ya udereva ya kijana na taarifa yake ya jinai, ila hakuzisoma kwa makini. Sikilizeni sasa jambo linalonikera zaidi kuliko yote: sherifu alimruhusu kijana huyo kukamata watu, lakini hakumruhusu kubeba silaha wala kuendesha gari la doria. Kwa maneno mengine, mtu ambaye hakuruhusiwa kushika usukani aliruhusiwa kushika mwili wa raia.

Mwezi Mei 1991, mume na mke walikuwa wakirudi nyumbani kutoka Texas. Walipokaribia kizuizi cha polisi, mume aligeuza gari na kurudi alikotoka. Askari wawili, mmojawapo kijana wetu, wakawafukuza kwa zaidi ya kilomita sita, kwa mwendo uliozidi kilomita 160 kwa saa, mpaka gari likasimama. Kijana akazunguka upande wa abiria, akamwamuru mama ashuke, akamwamuru mara ya pili, kisha akamkamata mkono kwenye kiwiko na kifundo, akamvuta nje na kumbwaga chini. Magoti ya mama yule yaliumia vibaya, akafanyiwa upasuaji, na ikaelezwa mahakamani kwamba huenda siku moja atahitaji kuwekewa magoti ya bandia. Yeye alikuwa abiria tu. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, iliona kwamba alikamatwa bila sababu ya kisheria na kwa nguvu kupita kiasi, na ikaona kwamba kaunti nayo inawajibika, kwa kuwa ilimwajiri kijana huyo bila kumchunguza ipasavyo.

Kila ninapofika hapa hutokea msomi wa sheria akaniambia kwamba kesi hiyo inanipinga, maana Mahakama ya Juu ilitengua hukumu dhidi ya kaunti. Ni kweli ilitengua, kwa kura tano dhidi ya nne. Lakini nawaomba wasomi wasome walichokishika. Mahakama iliulizwa swali moja: je, uamuzi huo mmoja wa kuajiri unaifanya kaunti iwajibike, chini ya sheria ya shirikisho, kumlipa mama huyo? Ikajibu kwamba haikuthibitishwa kuwa sherifu, kama angeisoma rekodi ile, angeona wazi kabisa kwamba kijana huyo angekuja kutumia nguvu kupita kiasi. Hapo ndipo ilipoishia. Na katika uamuzi huohuo, Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kwamba huenda rekodi ile ilimfanya kijana kuwa mwombaji asiyefaa hata kidogo kwa kazi ile. Yaani hata majaji walioiokoa kaunti hawakusema kwamba ilifanya vyema kumwajiri. Kutolipa fidia ni jambo moja, na kuwa na askari anayefaa ni jambo jingine, na anayechanganya mambo hayo mawili simwachii kiti katika kamati ya usaili. Wakuu wa vikosi wenye busara hawakusema "tumeshinda." Walijifunza kwamba faili lisilosomwa linaweza kumfuata mwajiri ngazi zote za mahakama kwa miaka sita. Kama mnajiuliza kwa nini mpekuzi wa leo anaitafuna karatasi yenu ya udereva mstari kwa mstari, sehemu ya jibu iko katika kesi za namna hii.

Mpekuzi anasoma nini hasa? Vijana wengi hudhani anahesabu faini. Kuhesabu anahesabu, na ziko nchi ambako kuhesabu kumewekwa kisheria: Uingereza, ambako makosa huandikiwa pointi za adhabu kwenye rekodi ya leseni, pointi 12 ndani ya miaka mitatu humfikisha dereva kwenye hatari ya kunyang'anywa leseni, na dereva mpya hunyang'anywa akifikisha pointi sita ndani ya miaka yake miwili ya kwanza. Lakini mpekuzi mzoefu hutazama mfuatano. Chukueni mfano wa karatasi kama hii: mwezi wa tatu, mwendo kasi, faini. Mwezi wa tano, hakufika mahakamani. Mwezi wa saba, leseni imesitishwa. Mwezi wa tisa, amekamatwa akiendesha huku leseni imesitishwa. Kijana mwenye karatasi hii atakuambia kwamba ana kosa moja dogo la mwendo kasi, na kwamba mengine yote ni usumbufu wa makarani. Mimi naona kinyume chake. Mwendo kasi unaweza kumpata yeyote aliyekuwa na haraka. Kutofika mahakamani ni mtu aliyeitwa na sheria akaacha kuitika, na kuendesha huku leseni imesitishwa ni mtu aliyeambiwa "usiendeshe" akawasha gari. Katika majimbo mengi ya Marekani, kosa hilo la mwisho ni jinai kamili, si faini tena. Huyo ndiye anayetaka apewe kazi ya kuwapelekea wengine hati za wito!

Kuna wanaoniambia kwamba askari wenyewe hukimbiza magari bila sababu, basi kwa nini mwombaji adaiwe usafi ambao waliomo kazini hawana. Jibu langu ni kwamba hao walioko ndani ni sehemu ya sababu inayotufanya tuwe wakali mlangoni, maana kumtoa mtu kazini ni kugumu mara nyingi kuliko kutomwingiza. Wengine husema: mimi sitaki doria, nataka upelelezi, nataka maabara. Nenda katika vikosi vingi uone kama utaanzia kwenye upelelezi. Utaanzia barabarani, na hata ukifika kwenye upelelezi hutapelekwa kila tukio kwa kubebwa. Tena yupo mtu mwingine mezani ambaye hamumfikirii, naye ni anayelipia bima ya magari ya kikosi. Dereva ambaye bima inamkataa, kamanda hana namna ya kumtumia, hata kama kamati nzima imempenda.

Sasa msitoke hapa mmekata tamaa. Faini moja ya mwendo kasi ya miaka minne iliyopita, iliyolipwa kwa wakati, haijawahi kuwa sababu ya mimi kumkataa mtu. Makosa ya ujana yaliyokoma hupimwa tofauti na makosa yanayoendelea. Anayeogopesha ni yule mwenye hati ya kosa la barabarani iliyoandikwa baada ya kutuma maombi, kwa sababu huyo alijua kwamba anatazamwa na hakujali.

Kosa la kuendesha ukiwa umelewa liko katika daraja lake. Vikosi vingi huweka muda mrefu kabla ya kumfikiria mtu wa namna hiyo, na vingine humkataa moja kwa moja. Wala msijidanganye kwamba muda mfupi unafuta: Uingereza kosa hilo hukaa kwenye rekodi ya leseni miaka 11, California miaka 10. Wala kuhama jimbo hakusaidii, kwa sababu Marekani ina daftari la kitaifa la madereva, lililoanzishwa na Bunge lake mwaka 1960, ambalo majimbo hulitumia kuwatambua waliofungiwa leseni kwingineko.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kueleza kwa kirefu habari ya uongo, sasa nitaisema kwa haraka, ingawa ndiyo inayoangusha vijana ambao rekodi peke yake isingewaangusha. Australia alikuwako jaji mstaafu wa Mahakama ya Shirikisho, Marcus Einfeld. Mwaka 2006 kamera ilimnasa akizidisha kilomita 10 kwa saa, faini yake dola 77 za Australia. Badala ya kulipa, alisema chini ya kiapo kwamba gari aliliazima profesa rafiki yake. Waandishi wa habari wakagundua kwamba profesa huyo alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mwaka 2009 jaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Dola 77! Fomu ya kuomba kazi ya polisi nayo hujazwa chini ya tamko la ukweli. Ukiandika "sijawahi" na kompyuta ikaandika "amewahi", hakuna tena anayejadili udereva wako. Askari ni shahidi wa kila siku mahakamani, na Marekani, tangu hukumu za Mahakama ya Juu katika kesi za Brady ya mwaka 1963 na Giglio ya mwaka 1972, upande wa mashtaka unawajibika kuufahamisha utetezi mambo yanayoweza kuutia shaka ukweli wa shahidi wake. Askari aliyedanganya kwenye fomu yake ya ajira anaweza kuwa mzigo katika kila kesi atakayoishika, na hakuna kamanda anayeajiri mzigo huku akiuona.

Basi kabla ya kujaza fomu, nendeni mamlaka ya leseni mkachukue nakala rasmi ya rekodi zenu, msitegemee kumbukumbu. Someni kila mstari. Mkikuta kosa la mtu mwingine mwenye jina kama lako, au faini uliyoilipa ikionekana haijalipwa, peleka stakabadhi irekebishwe sasa, maana siku ya usaili hutapata nafasi ya kurekebisha. Andikeni makosa yote kwa tarehe zilezile zilizo kwenye nakala, pamoja na yale yaliyokwisha muda, iwapo fomu inauliza kama umewahi. Ukiulizwa kwenye usaili, sema ulichofanya kwa sentensi mbili, usimtaje askari aliyekusimamisha kwamba alikuonea. Na ambaye leseni yake imesitishwa hata leo asitume maombi wiki hii. Amalize kwanza deni la mahakama, arudishiwe leseni, aendeshe muda wa kutosha bila kosa jipya, ndipo atume.

Maswali ya kimo na macho mwelekezeeni mwenzangu anayefuata.