Kawali Jukwaani: Mwimbaji Amwone Nani?

Assalamu alaikum, ndugu zangu.

Kawali, uimbaji wa ibada wa Masufi wa Bara Hindi, ikitajwa kupelekwa jukwaani, mjadala hukimbilia ala: gitaa liingie au lisiingie? Hapo sitakaa sana. Harmoniamu, kinanda kidogo cha kupulizwa hewa kwa mkono, ambacho leo ni nadra kukikosa katika kundi la kawali, ilifika Bara Hindi na Wazungu karne ya 19. Ikachukua nafasi ya sarangi, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde kama fidla, ambayo nyuzi zake zilitaka kukazwa upya kati ya wimbo na wimbo. Ala zilianza kubadilika kabla hatujazaliwa.

Kinachonikosesha usingizi ni msikilizaji. Twendeni kwa fikra hadi Delhi, penye kaburi la Nizamuddin Auliya, walii wa Kisufi. Mshairi Amir Khusrau, mwanafunzi wake aliyefariki mwaka 1325, amezikwa jirani naye. Waimbaji wameketi chini, wanapiga makofi, na kiongozi wao hawaondolei macho waliohudhuria. Mmoja akipandwa na hali, yaani akizama katika hisia za kiroho, machozi yakamtoka kwa mstari fulani, kiongozi hasongi mbele. Anaurudia mstari ule ule, tena na tena, mpaka yule mja atulie. Yaani, na hili naomba mlishike, urefu wa wimbo uko mikononi mwa anayesikiliza.

Sasa tuje ukumbini. Taa zinammulika mwimbaji machoni, viti vimo gizani, ratiba imempa dakika 40. Amrudie nani mstari, ikiwa hamwoni mtu?

Nusrat Fateh Ali Khan, mwimbaji mashuhuri wa kawali kutoka Pakistan, aliyajua haya. Aliimba kwenye WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, Uingereza, mwaka 1985, na baadaye akarekodi na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, albamu iliyotoka 1990. Gitaa alilikubali. Nyimbo fupi alizikubali. Alichokataa ni baadhi ya mikato ya studio, kwa kuwa ilipasua maneno katikati na kuyapotezea maana. Ikabidi irekebishwe. Ninamheshimu mno kwa hilo: alijua nini ni nguo na nini ni mwili.

Basi ninyi mnaoandaa maonyesho, ombi langu la kwanza ni kwa fundi wa taa: aache mwanga ukumbini, mwimbaji azione nyuso za safu za mbele. La pili ni kwa mshika saa. Mstari ukirudiwa kwa ajili ya mtu anayelia, asimwonyeshe mwimbaji kidole cha kumaliza.