Tumefika Crescent City: Ukungu Baharini, Miti Mirefu Bara

Haya, watu wangu wa Lamu na Mombasa, salamu kutoka kaskazini mwa California, karibu na mpaka wa Oregon. Makoti haya mawili msiyacheke. Ni Julai, lakini bahari ya huku ni baridi, hata kunawa mikono ni adhabu.

Tulitweka tanga Brookings, upande wa Oregon, asubuhi. Kuteremka kusini ni raha, maana kiangazi chote upepo ni wa kaskazini-magharibi, unakusukuma mgongoni. Anayepanda kaskazini ndiye anayekiona cha mtema kuni, kubisha mchana kutwa, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo.

Raha yetu ikaishia kwenye miamba ya St. George. Ukungu ukashuka, niko usukanini na omo, pua ya chombo, siioni! Na hapo ndipo ilipozama meli ya Brother Jonathan mwaka 1865, wakanusurika watu 19 tu. Tukatua tanga, tukawasha mashine, mwenzangu macho kwenye rada, mimi napiga honi. Nilivyoulaani ukungu ule, wallahi!

Ngoja nigeuze kamera. Mnaona? Hapana, hilo bado ni shina. Hapa ni Stout Grove, si mbali na bandari kwa gari. Miti hii ni redwood, jamii ya miti mirefu kuliko yote duniani. Mrefu wao, Hyperion, una kama mita 116. Uko kwingine, na tangu 2022 hawaruhusu mtu kuukaribia. Wageni waliharibu mimea chini yake. Gusa ganda hili: nyuzinyuzi tupu kama makumbi, nene hadi sentimita 30, moto ukipita mti unabaki. Mafundi wa majahazi mnaotazama, mate yasiwadondoke. Wayurok, wenyeji wa asili wa huku, wamechonga mitumbwi kwa mti huu tangu enzi za mababu zao.

Mnasikia matone? Si mvua, kiangazi mvua huku ni haba. Ni ule ukungu wangu! Unanasa kwenye majani, unadondoka, mizizi inakunywa. Karibu theluthi ya maji yanayoingia msituni humu kwa mwaka hutokana nao. Na bahari ile baridi ndiyo inayouzaa, ndiyo maana miti hii haihami mbali na pwani.

Kesho alfajiri tunaondoka kwenda Humboldt Bay. Mlango wake una mawimbi mabaya maji yakitoka, kwa hiyo lazima tuingie maji yakijaa. Mwenye swali la tanga aniandikie hapo chini. Maswali ya viza leo sijibu.