Kari ya Ijumaa kule Yokosuka

WAIRIMU: Haya karibuni tena, ni sisi wale wale, mimi Wairimu na kando yangu Athumani, na leo kipindi kimepangwa vizuri hadi nashangaa. Lakini kabla hatujaanza lazima Athu aeleze ile simu ya Jumanne.

ATHU: Assalaam aleikum jamani, hamjambo. Ilikuwa hivi, nimetoka kazini nikapitia lile duka la Waasia hapa Kent, shida yangu mchele tu, wallahi mchele tu, sasa kufika kwenye viungo kuna mama wa Kijapani anaonjesha watu kari, ana jiko la umeme na vikombe vidogo vya karatasi, ile harufu ikanipiga nikasimama pale pale na troli katikati ya njia, watu wananiambia samahani tupishe na mie siwasikii, niko Yokosuka, nina miaka 22, mvua inanyesha na njaa inaniuma.

WAIRIMU: Akanipigia hapo hapo. Hasemi hata hujambo, anasema, "Wairimu, wako na kari." Nilidhani kuna msiba.

ATHU: Sasa ningempigia nani mwengine?

WAIRIMU: Haya. Mpango wa leo, nimeandika mambo matano ambayo maisha ya Japani yanaweza kutusaidia sisi tunaolea watoto huku ughaibuni. La kwanza ni vile wanafunzi kule wanafagia na kupiga deki madarasa yao wenyewe. Tuanze hapo?

ATHU: Tuanze hapo, ila ngoja nimalize hii ya kari. Dakika mbili.

WAIRIMU: Dakika mbili.

ATHU: Mnajua mie nilikuwa mpishi kwenye jeshi la wanamaji la Marekani, nilipata grini kadi, nikajiunga, wakanipeleka Japani. Yokosuka ni mji wa bandari kusini ya Tokyo, Meli za Kikosi cha Saba cha Marekani ziko hapo, na ubavuni hapo hapo kuna jeshi la majini la Wajapani wenyewe. Sasa hawa wenzetu Wajapani, kila Ijumaa, melini na kambini, chakula ni kari. Kila Ijumaa. Wanasema baharini siku zote zinafanana, hujui leo Jumatatu au Alhamisi, ukiona kari unajua wiki imeisha. Na kila meli ina mapishi yake na kila mpishi anaapa ya kwake ndiyo kari, zile za wengine ni majaribio.

WAIRIMU: Wewe mtu wa Kisauni, Mombasa, lazima hapo ulijisikia nyumbani.

ATHU: Kabisa! Kwetu Ijumaa watu wakitoka msikitini ni biriani au pilau, nyumba nzima inanukia. Mie niko mbali namna ile, msikiti mkubwa ninaoujua ni ule wa Waturuki Tokyo, Tokyo Camii, na zamu hainiruhusu kwenda kila wiki, halafu Ijumaa ikifika mji wote unanukia viungo. Wewe ungefanyaje? Mie nililia kidogo, sioni aibu.

WAIRIMU: Pole jamani. Lakini sasa nieleze, inapikwaje? Maana hapa ndipo tuligombana kwa simu.

ATHU: Nyama, karoti, kitunguu, viazi. Halafu unachukua unga wa ngano unaukaanga kwa mafuta mpaka ugeuke rangi ya kahawia, unatia bizari ya mchuzi...

WAIRIMU: Unga.

ATHU: Unga wa ngano, ndio.

WAIRIMU: Kwa mchuzi.

ATHU: Kwa kari, Wairimu.

WAIRIMU: Athu, huo ni uji. Umeutia karoti lakini ni uji.

ATHU: Subiri, huo unga una historia. Mwaka 1908 jeshi la majini la Japani lilitoa kitabu chake cha mapishi na kari imo, na unga umo. Waliichukua kwa wanamaji wa Uingereza, na Waingereza waliitoa India. Wanaosimulia wanasema meli inayumba, mchuzi mwepesi unamwagika wote kwenye sinia, rojo zito linatulia. Mie nimepika melini kwenye bahari iliyochafuka, nakwambia hilo nimeliona kwa macho yangu, supu ni adui.

WAIRIMU: Sawa, hilo nalielewa. Na maziwa? Waambie ya maziwa.

ATHU: Kari ya Yokosuka ile rasmi, maana mji wenyewe ulijitangaza Mji wa Kari mwaka 1999, inaletwa na saladi na gilasi ya maziwa. Ukikosa maziwa si kari ya wanamaji.

WAIRIMU: Maziwa baridi na mchuzi wa uji.

ATHU: Sasa sikiza kwa nini mambo ya lishe wanayachukulia kwa uzito hivo. Miaka ya 1880 mabaharia wa Japani walikuwa wanakufa kwa beriberi, miguu inakufa ganzi, inavimba, moyo unashindwa. Walikuwa wanakula sana wali mweupe uliokobolewa. Kulikuwa na meli inaitwa Ryujo, ilifanya safari ndefu, mabaharia 376, wakaugua 169, wakafa 25. Daktari mmoja wa jeshi hilo, Takaki Kanehiro, aliyekuwa amesomea London, akasema tatizo ni chakula. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1884 akaomba meli nyengine, Tsukuba, ipite njia ile ile lakini chakula kibadilishwe, nyama iongezwe, mkate, maziwa. Hakuna aliyekufa kwa beriberi. Hakuna hata mmoja!

WAIRIMU: Mimi ni nesi na hii sikuijua. Hiyo ni vitamini B1, thayamini. Mchele ukikobolewa inaenda na pumba.

ATHU: Na yeye hakuijua vitamini, ilikuwa haijagunduliwa, yeye alidhani ni upungufu wa protini. Lakini aliwahesabu watu wake wagonjwa, akaangalia sahani zao. Mie mpishi nikisikia hivo nasimama wima. Watu wanaandika historia ya vita za Admirali Togo wa Japani, na meli yake Mikasa iko pale pale Yokosuka mpaka leo, unaingia unatembea juu yake, lakini wale waliokoa mabaharia jikoni nani anawaimba?

WAIRIMU: Dakika mbili ziliisha kitambo.

ATHU: Sijafika kwa yule mama.

WAIRIMU: Mama gani?

ATHU: Kulikuwa na mkahawa mdogo, viti vichache vya kaunta, uchochoro wa nyuma ya Dobuita, ile mtaa wanauza majaketi ya hariri yenye majoka na mlima Fuji, lile jaketi langu ambalo nyote mnanicheka nalo nilinunua huko. Siku ya kwanza nimeingia nikachukua kitambaa cha karatasi nikachora nguruwe nikamkata mstari, nikachora ng'ombe nikamkata mstari, maana hajachinjwa kihalali, na mafuta yake yamo kwenye ule unga. Yule mama akatazama michoro, akacheka, akanitengenezea yai na wali. Ijumaa ya pili nikarudi. Nikakuta ameweka sufuria ndogo pembeni, ya kamba na viazi, unga ameukaanga kwa mafuta ya mboga. Sufuria yangu peke yangu! Na toka siku hiyo kila Ijumaa nikiwa nchi kavu ile sufuria iko pale.

WAIRIMU: Aki huyo ni mtu mzuri.

ATHU: Na mwaka ule dola ilikuwa imeshuka hadi chini ya yeni 80, sisi wa mshahara mdogo tulikuwa tunaumia, na bei yake hakunipandishia hata kidogo. Sasa, tarehe 11 Machi 2011. Mnakumbuka ilikuwa siku gani?

WAIRIMU: Usiniambie.

ATHU: Ijumaa. Saa nane na dakika 46 mchana. Zamu yangu ilikuwa ya alfajiri, nimemaliza, natembea kuelekea kwake, ardhi ikaanza kwenda. Si kutikisika, kwenda. Nguzo za umeme zinainama huku na huku na nyaya zinapiga, na haikomi, unasema sasa itakoma na haikomi. Umeme ukakatika, treni zikasimama. Nikafika kwa yule mama, gesi ameshazima, yuko mlangoni na kofia ngumu kichwani. Kari ilishapikwa toka asubuhi. Watu waliokwama wakaanza kupita kwa miguu kutoka stesheni na yeye anawaita, waingie wakae, anawapakulia kwa mwanga wa tochi. Na mie akanisukumia sufuria yangu. Nikala nimesimama nikakimbia kambini, maana tuliitwa wote. Baada ya hapo meli nyingi zikatumwa kaskazini kwenye ule msaada walioita Operesheni Tomodachi, sisi wa jikoni hatulali. Watu zaidi ya 15,000 walikufa kwa lile tetemeko na tsunami, Wairimu, na maelfu hawajaonekana mpaka leo.

WAIRIMU: Hapo sina la kusema. Aliitwa nani, huyo mama?

ATHU: Nilimwita Obasan, yaani shangazi, kama wateja wote.

WAIRIMU: Hilo nalo si jina.

ATHU: Ni heshima. Kwani wewe mtu mzima kwenu unamwita kwa jina? Mie kwetu nikimwita bi mkubwa kwa jina lake nitapigwa kofi.

WAIRIMU: Humwiti kwa jina lakini unalijua. Unajua ni mama ya nani, ametoka wapi, mumewe alikufa lini. Athu, nakupenda, lakini hili nitalisema. Wasikilizaji mnajua nilikokulia, ukitoka kwetu unaona geti la wanajeshi wageni. Mama yangu aliuza chai na chapati hapo. Wote walimwita Mama. Wakikaa miezi yao wanaenda, wanakuja wengine, nao wanamwita Mama. Saa hii mahali fulani kuna mwanaume wa makamo ana podikasti yake anawaambia watu chapati za yule Mama zilikuwa tamu ajabu, anatokwa na machozi, na mama yangu hajui hata kama huyo mtu yuko hai.

ATHU: Na anakosea kumkumbuka?

WAIRIMU: Hakosei. Nasema inamgharimu nini? Wewe unasema niliishi Japani. Uliishi kambini, ukatoka nje ukiwa na hamu ya kari, ukarudi ndani. Waulize watu wa Okinawa. Kisiwa chao ni karibu asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani na wamebeba kama asilimia 70 ya eneo la kambi za Marekani nchini humo. Wao kumbukumbu yao ni kelele za ndege.

ATHU: Yokosuka si Okinawa.

WAIRIMU: Geti ni geti.

ATHU: Na mie nilikuwa kijana wa Kisauni nimeshika mwiko, hakuna aliyeniuliza kambi iwekwe wapi. Lakini si hilo linaloniuma. Kinachoniuma ni kwamba ukisema yote ni geti, unamnyang'anya yule mama tendo lake. Ile sufuria ndogo haikuwekwa na jeshi. Aliiweka yeye, kwa mikono yake, kwa mtu ambaye alichora nguruwe kwenye karatasi.

WAIRIMU: Alikuwa anafanya biashara na wateja ambao hakuwachagua.

ATHU: Mteja wa sahani moja hapikiwi sufuria yake, dada. Mie mpishi, hesabu hiyo naijua, ni hasara.

WAIRIMU: Mama yangu pia alikuwa anamwekea mmoja chapati isiyo na samli kwa sababu tumbo lake lilikuwa baya. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Ni mtoto wa watu." Halafu huyo mtoto wa watu akaenda bila kuaga.

ATHU: Mie niliaga.

WAIRIMU: Uliaga Obasan.

ATHU: Niliaga mtu.

WAIRIMU: Sikubali.

ATHU: Na mie sikubali. Mwaka wa ngapi tunafanya kipindi hiki, hatujawahi kukwama hivi.

WAIRIMU: Tumekwama. Wacha tukwame, sitaki kukudanganya hewani. Bado nasema ungemuuliza jina.

ATHU: Na mie bado nasema ulizia mama yako kama anajuta zile chapati.

WAIRIMU: Hajuti. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi.

ATHU: ...

WAIRIMU: Saa ngapi? Jamani. Zamu yangu inaanza saa moja, lazima nitoke hapa sasa hivi barabara iko na msongamano. Athu, mambo matano hatujafika hata la kwanza, watoto hawajafagia darasa.

ATHU: Soma basi yote haraka haraka.

WAIRIMU: Siwezi kusoma haraka haraka, nilikuwa na maelezo ya kila moja, kuna ya takataka na siku zake, kuna ya watoto kwenda shule kwa miguu peke yao, hiyo ningeongea nusu saa. Tuache. Wiki ijayo tuna mgeni wa mambo ya kodi, kwa hivyo hata wiki ijayo haiwezekani. Ndio hivyo.

ATHU: Kabla hujaenda, swali moja la jikoni. Mchuzi wako wa mbuzi, ule wa Krismasi, uko mzito vizuri sana, unautia nini?

WAIRIMU: Waru, yaani viazi. Naponda waru mbili nachanganyia.

ATHU: Kwa hivyo ni wanga.

WAIRIMU: Waru si unga!

ATHU: Ni wanga, Wairimu, wewe ni nesi, sema.

WAIRIMU: Naenda kazini mimi. Kwaherini nyote.