Sauti Itangulie Sindano

Ndugu wauguzi na wakunga, wanafunzi wetu, na ninyi mama zangu mliotoka Mikindani, Nanyamba na wengine hata Newala, nawashukuru kwa kufika hapa Mtwara mjini asubuhi hii.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumtuliza mtoto mchanga kwa sauti anapochomwa sindano, anapotobolewa kisigino ili atolewe damu ya vipimo, au anapopitishwa mpira wa kulishia puani. Naanza na jambo ambalo bado linaniuma. Nilipoanza kazi, katika wodi ambayo sina haja ya kuitaja, tulimwambia mama asubiri nje mpaka tumalize. Tuliamini kwamba tunamwonea huruma, na kwamba mtoto wa siku mbili hulia kwa mshtuko tu kisha akasahau. Dhana hiyo haikuwa yetu peke yetu. Hadi miaka ya 1980 walikuwapo madaktari katika nchi tajiri waliowapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo mno ya usingizi, wakidhani kuwa mishipa yao ya fahamu haijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu, mpaka mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey walipokusanya ushahidi na kuonyesha kwamba mtoto mchanga anaumia, na mwili wake unaonyesha hivyo kwa mapigo ya moyo, kwa pumzi na kwa homoni.

Mtoto huyo anayeumia anasikia pia. Masikio yake huanza kazi angali tumboni, kabla mimba haijatimiza miezi saba, na sauti inayomfikia kuliko zote ni ya mama, maana hupita ndani ya mwili wenyewe. Anapozaliwa, kila kitu ni kigeni kwake: mwanga, baridi, mikono yetu yenye glavu. Sauti ile ndiyo pekee anayoijua, na sisi ndiyo tuliyokuwa tukiitoa nje ya mlango.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto njiti 20 katika hospitali ya Aosta, nchini Italia. Mama alianza kuzungumza na mwanawe dakika chache kabla ya kisigino kutobolewa, akaendelea wakati wa kutobolewa na baada yake. Alama za maumivu zilishuka, na oksitosini, yaani homoni ya upendo na utulivu, ikaongezeka katika mate ya mtoto. Maneno ya kawaida yalisaidia hata kuliko wimbo. Hilo nalisema kwa ajili ya kila mama anayeniambia, «Muuguzi, mimi sijui kuimba.» Mwanao hahitaji mwimbaji, mama. Mwambie umetoka wapi, bibi yake ni nani, mvua imenyesha au haijanyesha. Mwambie kwa Kimakonde, kwa Kiyao, kwa lugha ile ile uliyokuwa ukiisema alipokuwa tumboni.

Simu inayocheza sauti karibu na sikio lake haichukui nafasi ya mama aliyepo. Kwa vyumba vya watoto mahututi, madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza kelele zisizidi desibeli 45, nazo ni chini ya mazungumzo yetu ya kawaida. Basi sauti iwe ya chini, moja kwa wakati, na njiti akitanua vidole, akigeuza uso au akibadilika rangi, nyamaza kwanza umpumzishe. Wala sauti haichukui nafasi ya mambo mengine. Mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, au anyonye huku akichomwa. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha wakati wa chanjo na mzazi kuwapo. Na kliniki zetu zina nafasi hiyo kila wiki, kwa watoto wa wiki 6, 10 na 14 wanaochomwa mapajani.

Nimalizie na mtoto mmoja. Alikuwa njiti wa gramu 1,200, na visigino vyake vilikuwa vimejaa alama za sindano. Siku hiyo nilimwomba mama yake, binti mdogo wa kijijini, akae nasi. Aliinama, akaanza kumsimulia jinsi mikorosho ya baba yake ilivyotoa maua. Niliupasha joto mguu kwa kiganja changu, nikasubiri. Vidole vya mguu vilivyokuwa vimejikunja vikalegea kimoja baada ya kingine, ndipo nikatoboa. Alikunja uso, akatoa kilio kimoja kifupi. Nilipomaliza kubandika pamba na kuondoa sinia, yule binti alikuwa bado kwenye mikorosho, na mtoto amefumbua macho, anamtazama.