Nyumba ya Kwanza Dodoma: Usianze na Bei

Mbukwenyi jamani! Haya, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo, mimi kazi yangu ya upimaji imenizoesha kupiga kelele porini ila leo koo halipo vizuri.

Nimeambiwa wengi humu ni watumishi, mmehamia na ofisi zenu, mmepanga Nzuguni, Ilazo, Kisasa, kodi inawauma na mnataka kwenu. Sawa kabisa. Sasa mtu anayetafuta nyumba ya kwanza ukimuuliza umefikia wapi, anakutajia bei, wanataka milioni 45 mimi nimewapa 38 bado tunavutana. Ndugu zangu, bei mtavutana baadae. Kwanza ujue unauziwa nini na anayeuza ni nani, hayo mawili tu, mtu akiyaruka hata kama kapunguziwa milioni kumi hajapata kitu.

Unauziwa nini? Ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais ndo mdhamini, ipo kwenye Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999. Unachonunua ni haki ya kukitumia kile kiwanja kwa miaka kadhaa pamoja na kilichojengwa juu yake. Kwa hiyo uliza, imebaki miaka mingapi? Na hapa Dodoma hili swali ni zito kuliko mikoa mingine, manake mji huu ulikuwa chini ya CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, toka 1973 mpaka ilipovunjwa Mei 2017, na hati za wakati ule zilikuwa za miaka 33. Serikali ikaagiza zibadilishwe ziwe za 99, wapo waliokwenda kubadilisha na wapo walioziacha kabatini. Sasa wewe unaletewa karatasi imeshakuwa rangi ya chai, imeanza 1991, nyumba nzuri ina geti na tailizi. Jumlisha 33 hapo. Ngapi? 2024, eeh. Sasa unanunua nini? (Watu wanacheka.) Mnacheka lakini watu wanalipa! Sisemi kwamba usinunue, nasema muuzaji akahuishe kwanza kwa gharama zake ndo mkae mezani.

Na ukiambiwa kina ofa, yani barua ya toleo, jua hiyo siyo hati bado. Nenda idara ya ardhi ya Jiji na namba ya kiwanja na kitalu, uliza kipo kwa jina la nani. Kama kina hati omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ile sachi, utaona mmiliki ni nani na kama kuna benki inakidai au kuna zuio la mahakama. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na hela unayotaka kumkabidhi mtu usiyemjua.

Halafu shuka kwenye gari. Tafuta bikoni zote, yani alama za mipaka, siyo moja, ile zege yenye chuma katikati na namba yake, usome namba ulinganishe na ramani ya upimaji. Bikoni hazina miguu ila huku kwetu zinatembea sana. Unakuta ukuta wa jirani umeingia hatua tatu, au choo ulichooneshwa kipo kwenye barabara ya mchoro. Mlipe mpima aje na mashine yake asubuhi moja, imeisha.

Anayeuza sasa. Kama ana mke au mume na ile ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inataka ridhaa ya mwenzake. Usikubali hadithi ya mama yuko safari Kondoa, msubiri mama arudi asaini mbele ya wakili. Kama ni urithi, muulize barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, manake kaka mkubwa siyo msimamizi kwa sababu tu ni kaka mkubwa. Hapa ndo penye kesi nyingi, wadogo zake wanaibuka umeshapaua.

Dalali atakwambia kuna mtu wa Dar anakuja kesho na keshi mkononi. Huyo mtu wa Dar yupo kwenye kila nyumba ya mji huu sijui analala wapi! Mwache anunue.

Kuhusu hela, bei siyo mwisho. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1, kuna mthamini, kuna wakili, ada za uhamisho, na ile kodi ya ongezeko la mtaji, yani ya faida ya mauzo, ambayo kisheria ni ya muuzaji ila atajaribu kukusukumia, andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Dai pia risiti za pango la ardhi, deni la miaka saba linabaki na kiwanja. Na kiwanja cha halmashauri kinalipiwa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, mtu akikupa namba yake ya simu ulipie huko ondoka.

Kuna dada kauliza, akope benki au anunue pagale amalizie taratibu? Dada yangu, mkopo wa nyumba benki watataka hati safi, kwa hiyo hata ukienda huko hiyo kazi ya karatasi wanakufanyisha, ni faida. Ila riba yake ipigie hesabu kwa mshahara wa leo, usiweke posho. Pagale mimi silichukii, ila nenda na fundi wako siyo wa muuzaji, aangalie lenta na nondo, ukuta uliokaa miaka bila paa umenyeshewa. Uliza kibali cha ujenzi. Na kaangalie Januari au Februari mvua imenyesha, huku kuna mahali Agosti ni vumbi tupu na masika ni korongo. Pita kwa majirani wawili watatu uwaulize maji yanatoka siku zipi, na huyo muuzaji wanamjua kwa jina gani, watakwambia mengi kuliko dalali.

Kuna mkono kule dirishani, karibu kaka.