Kifaa Kinachojua Kurudi Nyuma

Mhadhara kwa waongoza watalii na wanafunzi wa Kiitaliano, Mji Mkongwe, Unguja

Asalaamu alaykum. Mliokaa nyuma mnanisikia? Haya. Hiyo feni tutaizima baadaye kidogo, kuna kitu nataka mkisikie na yenyewe inakifunika.

Nimeombwa niseme mnunue kifaa gani cha kusikilizia masomo ya lugha. Swali hili naulizwa kila baada ya darasa, na kila mara linakuja vilevile: "Mwalimu, ninunue ya GB ngapi?" Anayeanza na GB ananunua kabati kabla hajahesabu nguo zake.

Tuimalize hesabu hiyo mapema tuendelee na mengine. Mtu akizungumza, sauti yake ikawekwa katika MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa nzima inakula MB 29 hivi. Muziki unataka nafasi mara mbili ya hapo, au mara tano kwa mwenye masikio ya kuchagua. Kadi ya GB 8, ambayo siku hizi wauzaji wanaona haya kuiweka mbele, inabeba zaidi ya saa 270 za mazungumzo. Ukisikiliza saa moja kila siku kuanzia mwezi wa kwanza, utafika mwishoni mwa mwezi wa tisa hujarudia hata dakika moja. Na kama hujarudia hata dakika moja, hiyo miezi tisa umeitupa.

Kwa hiyo mimi huwauliza hivi: ukikosa neno, kifaa chako kinakurudishaje kwenye neno hilo?

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa Kiwengwa. Kiitaliano nilikuwa najifunza kwa kijimashine cha MP3 chenye vitufe vitano, na nilijiona nimeiva. Saa saba mchana, jua kali, niko na wageni ufukweni, nikawaambia kwa sauti: "Ho sette!" Nilikusudia kusema nina kiu. Mama mmoja akanitazama kwa upole, akaniuliza, "Sette cosa?" Saba nini? Wenzangu wakaangua kicheko. Nikadhani wanaicheka kofia yangu. Maji sikuyapata, na kwa kiburi sikuomba tena mpaka magharibi.

Sete ni kiu. Sette ni saba. Sasa zimeni feni.

(Anapiga sauti kutoka kwenye kifaa kilichoko mezani: sete, sette.)

Nani kasikia t mbili? Nyosheni mikono. Mmm. Hamjazisikia kwa sababu hazipo. T ni moja tu. Kilichoongezeka ni kimya kabla yake: ulimi unapanda, unaziba, unangoja kidogo, kisha unaachia. Sikilizeni tena, nimepunguza kasi. Sete. Set... te. Mliosoma chuoni, chuo cha Kurani, mnakijua kitu hiki tangu utotoni, ni shadda, ile alama ya Kiarabu ya kukaza herufi. *Darasa*, alisoma, *darrasa*, alisomesha. Mimi nimekaa chuoni miaka, shadda naitamka bila kufikiri, na bado hakuna aliyeniambia kwamba Waitaliano nao wanayo. Nonno ni babu, nono ni wa tisa. Cappello ni kofia, capello ni unywele mmoja. Yako mengine ya aina hiyo ambayo mbele ya wazee hawa sitayataja, mtayagundua hotelini wenyewe.

(Kicheko.)

Kimya kile ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ili sikio likizoee inabidi ukisikie mara ishirini mfululizo, si mara moja kila baada ya dakika ishirini. Lakini kijimashine changu kilikuwa na faili refu la dakika ishirini, na sette iko dakika ya kumi na nne. Nikibonyeza kitufe cha nyuma mara moja, kinanipeleka mwanzo kabisa wa faili. Nikikishikilia, kinaanza kutambaa, halafu ghafla kinakimbia, naachia niko dakika ya tisa. Narudi mbele, nalipita neno. Baada ya jaribio la nne nikawa nasema, "Ah, nishaelewa." Sikuwa nimeelewa. Kidole kilichoka, sikio likasingizia limesikia.

Wakubwa wenzangu humu wanakumbuka kwamba kaseti haikuwa na tabu hii. Ulibonyeza kurudisha, ukasikia sauti zikichiriza kinyumenyume kama kuku waliofukuzwa, na kidole kilijua chenyewe pa kuachia. Kisha kaseti ilikuwa na adabu moja kubwa: ukiitoa leo, ukaitia wiki ijayo kwenye redio ya jirani, inaanzia palepale ulipoiachia. Sitaki kuipamba. Utepe ulikuwa unatafunwa, betri zikiisha mwimbaji wa kike anageuka mwanamume, na tulirudisha kaseti kwa kalamu ya Bic ili kubana hizo betri. Lakini kwa kurudi nyuma ilishinda vifaa vingi vinavyouzwa leo sokoni Darajani.

Kuna historia kidogo hapa, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mnauziwa kifaa kisichowafaa. Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Walkman ya kwanza Japani, modeli TPS-L2. Haikuumbwa kutoka hewani. Waliichukua TCM-100, kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, wakaondoa uwezo wa kurekodi na kuweka muziki wa stereo. Ndani ya kampuni wako walioona ni wazimu, nani atanunua kaseti isiyorekodi? Dunia nzima ikanunua. Hiyo ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa: ukikibonyeza muziki unashuka, maikrofoni inafunguka, watu wawili wanaongea bila kuvua hedifoni. Mwalimu na mwanafunzi wangekaa hapo raha mustarehe! Matoleo yaliyofuata kitufe kikaondoka.

Mmeona lilipoanzia? Kifaa cha muziki kilizaliwa kwa kung'olewa kinasa. Kwa mpenda muziki si hasara. Mwanafunzi wa lugha ndiye aliyenyang'anywa, kwa sababu yeye anataka vitu viwili: kurudi, na kujisikia mwenyewe. Hukijui Kiitaliano chako mpaka ujirekodi ukisema sette na uiweke kando ya ile ya Mwitaliano mwenyewe. Siku ya kwanza utaona aibu. Mimi nilidhani kifaa kimeharibika.

Kwa hiyo ukienda dukani usiombe MP3. Omba kinasa sauti, kile cha waandishi wa habari. Hiki ninachotumia ni Sony ICD-PX470. Sikupewa chochote kukisifu, na vya kampuni nyingine vinavyofanya kazi hiihii vipo. Nilikipenda kwa sababu kinatumia betri mbili ndogo za AAA, na betri hizo hata Makunduchi utazipata umeme ukikatika. Ndani kina GB 4, kina nafasi ya memori kadi, na mdomo wa USB unachomoza wenyewe, hutafuti waya. Muziki kinapiga pia. Mpenda besi atanung'unika.

Kitufe cha kuulizia kinaitwa A-B. Unabonyeza neno linapoanza, hiyo ni A. Unabonyeza linapoisha, hiyo ni B. Kuanzia hapo kinazunguka katikati ya hizo alama mbili mpaka utakapokiambia basi. Ukitaka kukipima, kipime hapohapo mbele ya muuzaji. Weka wimbo wowote, chukua sekunde mbili, uone kama kinazishika sawasawa au kinakula mwanzo wa neno. Halafu kizime katikati ya wimbo na ukiwashe: kikianza na wimbo wa kwanza, mrudishie. Muuzaji atakuona msumbufu, mwache akuone.

Na kasi. Kaseti ikienda polepole sauti inakuwa nzito, kwa sababu mawimbi yenyewe yamevutwa. Vifaa vya sasa vinaikata sauti vipande vidogovidogo na kuvipanga upya vikipandiana, kwa hiyo mtu anaongea polepole na sauti yake haibadiliki. Ukishuka chini ya robo tatu ya kasi utaanza kusikia kama anaongea ndani ya mtungi. Mimi sishuki hapo. Wanaosoma Kijerumani, Deutsche Welle wana taarifa ya habari inayosomwa polepole na mtu mwenyewe, pamoja na maandishi yake, na inapakuliwa bure. Hiyo inaishinda mashine yoyote.

Ndiyo, dada? Kiarabu. Anauliza kwa Kiarabu atafute nini. Dada yangu, hapo tulitangulia sisi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri ana msomo wa kufundishia: anasoma aya, ananyamaza, nawe unarudia. Njia ni ileile ya chuoni, sikia, rudia, sahihishwa. Kile kimya alichokuachia Sheikh ndicho unachokitafuta kwenye somo lolote la lugha. Somo lisilo na nafasi ya wewe kusema, likate wewe mwenyewe uitengeneze.

Na kukata si kazi ngumu. Nawaona vijana wenye viswaswadu mnainamisha vichwa. Inueni. Kiswaswadu chenye memori kadi kinapiga MP3, hakina A-B, lakini kina "rudia moja". Ingia kwenye kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure, kata somo lako vipande vya sentensi mojamoja, kila kipande faili lake. Rudia moja, basi, umepata A-B ya maskini. Ila majina yaandikeni 001, 002, 003. Mkiandika 1, 2, 3, vifaa vingi vitasoma 1, kisha 10, kisha 2, na mgeni wa kwenye somo atakuaga kabla hajakusalimia. Na vingine havitazami jina kabisa, vinafuata faili lililotangulia kuingia kwenye kadi, basi yaingize kwa mpangilio. Zile sauti mnazotumiwa WhatsApp ni faili za Opus. Kwenye kifaa cha bei nafuu zitakaa kimya. Zigeuzeni MP3 kwanza.

Kadi nazo, tahadhari. Kuna duka moja, silitaji, nilinunua kadi iliyoandikwa GB 64 kwa bei ya chipsi mayai. Majina ya masomo yote nikayaona. Nikipiga, nusu ni kimya kitupu, na hicho si kimya cha sette! Ndani ilikuwa kadi ndogo iliyofundishwa kusema uongo. Sasa kila kadi mpya naijaza kwanza kwa programu iitwayo H2testw, inaandika mpaka mwisho na kusoma tena, na uongo unatoka wenyewe.

Swali la simu janja nalijua linakuja, yule bwana mkono umechoka. Ndiyo, simu inaweza yote haya. Programu ya VLC ni ya bure, inapunguza kasi na kurudia A-B. Ila uko kwenye sette ya tisa, WhatsApp inalia, shemeji katuma picha ya harusi. Ukirudi, sikio limepoa. Mwenye moyo wa kuizima data abaki na simu yake, asitoe hata senti.

iPod za mtumba, vile vifaa vya muziki vya Apple? Ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2001 ikiwa na GB 5, na Mei 2022 Apple wakatangaza kuziacha. Kwa muziki ni tamu. Lakini kuingiza faili unapitia programu ya Apple wenyewe, kama iTunes, na betri zimezeeka. Kuna programu huru iitwayo Rockbox, inawekwa kwenye iPod nyingi za zamani na kwenye kijimashine cha MP3 kiitwacho Sansa Clip+, nayo inakupa alama za kukumbuka ulipoishia, kasi bila kubadili sauti, hata kukusomea menyu kwa asiyeona. Kama una kijana mtundu nyumbani, mpe kazi hiyo.

La masikio nalisema haraka. Kwenye daladala mnaongeza sauti ili mshinde injini na redio ya dereva. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, zinabaki saa 4. Nunueni spika za masikioni zenye mpira unaoziba tundu, utasikia vizuri kwa sauti ndogo. Juu ya bodaboda, vueni. Na mkijirekodi msitumie maikrofoni ya bluetooth, kwa kawaida inawapa sauti ya simu, na kwenye sauti ya simu hata s na f hazijuani.

Hapa mezani nina faili la jozi arubaini: sete, sette, nono, nonno, na wenzake, kila jozi na kimya chake cha kurudia. Mwenye kadi aje nayo, mwenye kiswaswadu atoe kadi aje nayo. Mstari uanzie dirishani, na huyo wa karibu na swichi atuwashie feni.