Usinipe idadi ya hataza, niambie kitu kimekwama wapi

Asante mwenyekiti. Nimeitwa niongee vile tunapima mfumo wa uvumbuzi wa nchi, na wale wamenisikia mahali kwingine wanajua naanza na jiko. Nitaanza nalo tena, kwa sababu ripoti zinaendelea kuandikwa vilevile, kwa kuhesabu hataza, yaani zile hati za kulinda uvumbuzi.

Hili jiko la makaa lenye kiuno, bati nje udongo ndani, mnalo nyumbani. Wazo la udongo lilitoka Thailand mwanzoni mwa miaka ya 80, wakati Nairobi ilikuwa imetoka tu kuandaa ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa nishati wa 1981 na pesa za wafadhili zilikuwepo. Wahandisi wakachora, sawa, lakini nenda Shauri Moyo, kwa mafundi wa Kamukunji hapo Nairobi, uulize nani alilifanya liuzike. Fundi anakata bati la pipa kuukuu, anabana katikati ndio udongo upate pa kukalia, udongo wenyewe unafika nusu ya juu tu, halafu kati yake na bati anajaza simiti iliyochanganywa na vamikulaiti, madini mepesi, ili joto lisitoroke. Jirani akiona limeuzwa, kesho naye yuko chini na nyundo. Wakanakiliana hadi bei ikashuka, mama akaona gunia la makaa linamalizia siku nyingi kuliko zamani, jiko likavuka mpaka likaenda Uganda, Tanzania, hadi Ethiopia.

Sasa chukua fomu zetu za kupima. Hataza ngapi? Hakuna. Makala za kisayansi? Chache. Kampuni changa zilizopata mwekezaji? Hakuna. Yaani kwa hesabu zetu Kamukunji hakukutokea kitu!

Najua kuna mtu anasema moyoni, mwalimu hiyo ni kazi ya mafundi wa jua kali ya kitambo, siku hizi tuna M-Pesa. Haya, tuiangalie. Majaribio yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu, watu wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na ilipozinduliwa Machi 2007 Benki Kuu ilikubali iendelee huku ikiichunga, sheria ya mifumo ya malipo ikaja 2011. Hapo kilichofanya kazi ni msimamizi aliyekubali kujifunza akiwa kazini, na hilo nalo hamna safu yake kwa fomu.

Ndio maana napenda ile njia ya kupima ya Marko Hekkert, mtafiti wa uvumbuzi, na wenzake kule Uholanzi, 2007 pia, wanauliza mfumo unafanya kazi gani: maarifa yanazalishwa? yanasambaa? soko linafunguliwa? kuna pesa na watu? Ziko saba, sitazimaliza, naona mwenyekiti anaangalia saa.

La pesa nalitaja tu. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inasema mfuko wa utafiti upate asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na hatujawahi kufika hapo, lakini hata tukifika, kama mtafiti wa chuo hajui fundi wa Kamukunji anahangaika na nini, pesa zitaishia kwa semina.

Ombi langu kwa nyinyi mnaoandika tathmini ni hili: chagueni vitu vichache, mbegu, dawa, mashine, programu, mfuate kila kimoja kutoka maabara hadi kwa mnunuzi, na muandike ni ofisi gani kilisimama na kwa nini. Maswali sasa.